Mafunzo kazini yasiposhika: dalili, chanzo na pa kuanzia kutengeneza

Nawaandikia watu waliopewa kazi ya kufundisha wafanyakazi wenzao: ofisa rasilimali watu wa hoteli pale Njiro, mkuu wa waongoza watalii anayewaandaa watu wake kabla ya msimu, msimamizi wa shamba la maua Usa River, mhasibu wa SACCOS ya Moshi aliyeambiwa awanoe wajumbe wa kamati ya mikopo. Wengi wao wanaijua kazi yao barabara, ila hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha namna ya kumfundisha mtu mzima. Mambo yakienda mrama, lawama ya kwanza huwaangukia washiriki: hawapendi kusoma, wamefuata posho, vichwa vigumu. Hukumu hiyo siikubali. Kwa mafunzo ninayoyaona Arusha na Moshi, dalili huonekana ukumbini, lakini chanzo kiko kule kwenye kazi yenyewe, na mara nyingi kilikuwepo kabla mtu wa kwanza hajasaini karatasi ya mahudhurio.

Basi tafuta dalili yako hapa chini, ukague vyanzo kwa mpangilio, ndipo uguse slaidi zako.

Kwanza kabisa: hili ni la mafunzo kweli?

Mwaka 1970 waandishi wawili, Robert Mager na Peter Pipe, waliwapa watu wa fani hii swali ambalo bado sijaona lililo bora zaidi. Mfanyakazi huyu anayeharibu kazi, kama uhai wake ungekuwa hatarini, angeweza kuifanya sawasawa? Kama angeweza, ujuzi anao. Kumrudisha darasani ni kumpotezea muda, na kuna kitu kingine kinachomzuia.

Chukua hoteli ambayo meneja wake anaomba mafunzo ya huduma kwa wateja kwa sababu saa nane mchana vyumba havijawa tayari, na wageni wamejaa mapokezi na mabegi yao. Usiseme ndiyo papo hapo. Mwambie: "Bosi, nipe asubuhi moja nikae na watu wa vyumba, halafu nitakuletea mpango." Mfuate mhudumu mmoja tangu saa mbili. Ukimwona anatandika kitanda kwa ustadi, kisha anasimama koridoni dakika ishirini akingoja mashuka yatoke dobi, kazi yako imekwisha: mashuka ya hoteli ni pungufu, au dobi inachelewa kuanza. Semina haiongezi mashuka. Lakini ukimwona anatandika na kutandua, anasahau taulo, anarudi stoo mara tatu kwa chumba kimoja, hapo kuna la kufundisha.

Ukiwa pale kazini, yachunguze mambo haya. Anajua hasa anachotakiwa kufanya, au kila supavaiza ana lake? Vifaa anavyo? Aliwahi kuiweza kazi hii akaisahau kwa kukosa mazoezi? Akiifanya vizuri kinampata nini, na akiifanya vibaya kinampata nini? La mwisho ndilo linalorukwa na wengi, na ndilo lenye majibu mengi. Mhudumu anayemaliza vyumba vyake mapema akaongezewa vya wenzake amekwisha kufundishwa, na alichofundishwa ni kwenda taratibu.

Dalili: ukumbi uko kimya

Umeuliza, hakuna anayejibu. Unauliza tena kwa sauti ya juu zaidi, wanatazama meza. Kabla ya kuamua kwamba hawajui, fanya kipimo hiki: waambie wageukiane wawili wawili, wapewe swali moja na dakika tatu. Kisha sikiliza.

Kama ukumbi umechangamka ghafla, watu wanaongea na kunyoosheana vidole, basi wanajua. Wanaogopa kusema mbele ya wote. Tafuta anayeogopwa. Mara nyingi ni bosi aliyekaa nyuma na daftari lake, akidhani kuwepo kwake kunaonyesha kwamba anayajali mafunzo. Zungumza naye wakati wa chai, kwa heshima: afungue siku, aseme kwa kinywa chake anachotarajia, aondoke, arudi saa ya mwisho kusikia mapendekezo. Washiriki waambiwe mapema kwamba atarudi na kwa ajili gani, wasije wakadhani walikuwa wakipelelezwa. Kuchanganya ngazi nako kunaziba midomo. Mpishi mkuu na mwosha vyombo wake wakiwa kundi moja, mmoja ataongea na mwingine ataitikia.

Kama hata wawili wawili bado ni kimya, swali lako halikueleweka. Hapo kagua lugha. Slaidi za Kiingereza kwa watu wanaofanya kazi kwa Kiswahili kutwa nzima zinawanyamazisha wenye mengi ya kusema. Kuna kazi zinazodai Kiingereza, nami silipingi hilo: mtu wa mapokezi lazima aweze kumtuliza mgeni kwa Kiingereza, na zoezi lake lifanyike kwa Kiingereza. Ila maelezo ya kwa nini afanye hivyo, na mjadala wa ugumu wake, viwe kwa lugha anayofikiria.

Kagua pia aina ya swali. "Kuna swali?" jibu lake ni "hakuna", na kila mtu anajua hivyo. "Nini umuhimu wa mawasiliano mazuri?" ni swali la mtihani; mtu mzima anahisi anapimwa, anaacha. Mpe tukio: saa tano usiku, mgeni ametoka uwanja wa ndege wa KIA, nafasi yake haionekani kwenye mfumo, hoteli imejaa. Sentensi yako ya kwanza kwake ni ipi? Hapo kila mtu ana jibu, kwa kuwa limemtokea au limemtokea jirani yake wa zamu.

Kuna chanzo kingine kinachojificha, nacho kinahitaji huruma. Baadhi ya washiriki wanasoma kwa shida. Ukimkabidhi mtu wa namna hiyo kalamu na kumwambia aandike kwenye bango kitita, umemvua nguo mbele ya wenzake, na kuanzia hapo hutamsikia tena. Usiulize nani hajui kusoma. Panga kazi ambazo hazidai maandishi: kuonyesha kwa mikono, kupanga picha kwa utaratibu, kuigiza, kila kundi lijichagulie karani wake.

Na kama wewe ni kijana unayefundisha wazee, siku inaanzia mlangoni. Shikamoo ya kila mmoja, si salamu moja ya jumla kutoka mbele. Usimnyooshee mzee kidole ajibu. Mwambie, "Mzee, wewe umeyaona haya tangu kabla ya mashine hizi. Wakati ule mlikuwa mnafanyaje?" Atakupa somo zima, na vijana watasikiliza.

Dalili: wanasinzia, wanachezea simu

Hii ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Uliza nani ametoka zamu ya usiku. Mlinzi aliyelinda mpaka alfajiri hatajifunza lolote saa nne asubuhi, mpangie siku nyingine. Tazama ratiba ya mchana: hotuba baada ya ugali na nyama huwashinda hata wenye nidhamu, kwa hiyo muda huo weka kazi ya kusimama na kutembea. Kichangamsho na makofi ya kilo husaidia kwa dakika kumi. Ukijikuta unavihitaji kila nusu saa, wewe ndiye unayeongea mno.

Simu nazo zina sababu. Dereva wa safari akiitwa mafunzoni Agosti, wageni wa kesho wanampigia leo. Mafunzo marefu ya utalii yawekwe wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua. Ila uliza kwanza, maana kipindi hicho hicho wengine wamepewa likizo bila malipo na wako shambani Rombo au Same.

Dalili: wenye uzoefu wanakunja mikono

Wamekaa nyuma, wanatabasamu kidogo, mmoja anasema, "Haya tulishafundishwa." Huenda ni kweli. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeieneza sana nadharia ya ujifunzaji wa watu wazima katika miaka ya 1970, alisisitiza kwamba mtu mzima anakuja na uzoefu wake, anataka ajue kwa nini ajifunze jambo hilo, na anataka kulitumia mapema. Uzoefu huo ni sehemu ya jinsi anavyojiona. Ukiupuuza, umempuuza yeye.

Kagua utangulizi wako. Je, saa ya kwanza ulitumia kueleza mambo ambayo wanayafanya kila siku? Geuza mpangilio: anza na kesi ngumu kutoka kazini kwao, waitatue, wewe uandike wanachosema, kisha ongeza kile ambacho hawakukitaja. Mhudumu wa miaka ishirini akiombwa aonyeshe anavyoligundua bomba linalovuja kabla mgeni hajalalamika, anabadilika kutoka mpinzani kuwa mwalimu.

Tanzania tulikuwa na shule yetu katika jambo hili. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikajadili hali ya kijiji chake chenyewe, kisha kikaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kusikiliza, kujadili, kutenda, vyote katika mzunguko mmoja, na mwongoza kikundi alikuwa mtu wa pale pale. Warsha nyingi za leo zenye projekta na chakula cha hoteli zinaishia kwenye hatua ya kwanza.

Hapa naomba nitahadharishe upande wa pili pia, kwa sababu imekuwa desturi kudhani kila kitu kifundishwe kwa majadiliano. Knowles mwenyewe alilegeza msimamo. Mwaka 1970 aliutenganisha ufundishaji wa watu wazima na ule wa watoto. Kufikia 1980 alikuwa akisema hizo ni njia mbili za kuchagua kulingana na hali. Mtu mzima asiyejua kabisa jambo fulani anahitaji kuonyeshwa. Ukiwaambia wasaidizi wapya wa mlimani wajadiliane namna ya kutumia kifaa cha kidole kinachopima oksijeni kwenye damu, watajadiliana ujinga. Waonyeshe, washike, wapimane, wakosee mbele yako, uwarekebishe. Mjadala uje baadaye: mkono ukiwa wa baridi na namba ikasoma chini, unafanya nini?

Dalili: muda hautoshi, mada zinabaki

Chanzo kimoja tu: malengo yaliyoandikwa kwa "kufahamu" na "kuelewa". Neno hilo halina mwisho, hivyo kila mada inaonekana ni muhimu na mada zinalundikana. Andika lengo kama kazi inayoonekana, pamoja na mazingira yake na kipimo chake. Kwa kamati ya mikopo ya SACCOS: mjumbe akipewa maombi matano na kanuni za chama mezani, ndani ya saa moja atenge yale yenye dhamana pungufu na yale ambayo makato yangemwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara, na aandike sababu. Ukishaandika hivyo, historia ya ushirika tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ya 1933 inajitoa yenyewe kwenye ratiba, hata kama unaipenda, na mimi naipenda. Tumia maombi halisi ya miaka iliyopita, majina yakiwa yamefutwa.

Dalili: ukumbini wamefaulu, kazini hakuna kilichobadilika

Hii ndiyo dalili inayouma kuliko zote, na ndiyo yenye vyanzo vingi zaidi. Nitakaa nayo.

Anza na chanzo kilicho rahisi: wamesahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa hupotea ndani ya saa na siku za mwanzo. Mambo yenye maana hukaa zaidi ya silabi tupu, lakini mwelekeo ni huo huo. Dawa yake ni kumfanya mtu akumbuke mwenyewe, mara kwa mara, kwa vipindi vilivyoachana. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliorudia kusoma, ingawa waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Kwa hiyo usitume slaidi kwenye kundi la WhatsApp, hakuna anayezifungua. Tuma swali moja siku ya tatu, jingine wiki ya pili, jingine baada ya mwezi. Kwa wasiopenda kuandika, wajibu kwa sauti. Au mpe supavaiza swali alitumie kwenye kikao cha asubuhi: dakika tano, watu wamesimama, kazi ianze.

Chanzo cha pili ni kwamba hawakufanya mazoezi ya jambo lenyewe. Walijibu maswali juu yake. Kueleza hatua za kuzima moto na kuzima moto ni vitu viwili. Kama mtungi haukushikwa, hakuna aliyejifunza kuushika.

Cha tatu ni vifaa na mfumo. Kwenye shamba la maua, wavunaji wamefundishwa kuvaa glovu na wote walijibu sawasawa kwa nini. Wiki mbili baadaye mikono mitupu. Nenda katikati ya mistari ya waridi ukaangalie. Glovu zilizonunuliwa ni za ukubwa mmoja, na mama mwenye mkono mdogo hashiki mkasi vizuri akiwa nazo. Analipwa kwa idadi ya mashina. Kila glovu inapomchelewesha, inamkata mshahara, na msimamizi wake anapongezwa kwa idadi hiyo hiyo. Mwalimu akirudi hapo kueleza upya madhara ya viuatilifu, anamwambia mama yule jambo analolijua vizuri kuliko yeye. Agiza glovu za saizi tatu. Kisha kaa na uongozi mzungumze juu ya lengo la mashina kwa siku.

Chanzo cha nne ndicho kizito, nacho ni nani mwenye kauli. Mfano ulio wazi uko mlimani. Waongozaji wa Kilimanjaro wanajifunza dalili za maradhi ya mwinuko: kichwa kuuma, kutapika, usingizi mbovu, na zile za hatari, yaani ubongo au mapafu kuanza kujaa maji. Wanajua kumtembeza mgeni kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, na kwamba akiyumba asipande, ashushwe. Wanalijibu hilo kwenye mtihani bila kusita. Sasa mweke mwongozaji yule yule kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895. Mgeni ametumia fedha nyingi na akiba ya miaka, anasisitiza yuko sawa. Tipu ya timu nzima, wapagazi wakiwemo, inatazamia kilele. Na ofisini kuna mtu atakayeuliza kwa nini wageni wa fulani hawafiki juu. Akinyamaza pale, tatizo lake halina uhusiano wowote na ujuzi wa tiba.

Mafunzo yanaweza kusaidia hapa kama yameandaliwa kwa hali hiyo hasa. Waigize usiku ule. Mmoja awe mgeni mkaidi, apewe hoja zote za mgeni. Mwongozaji atafute maneno yake na kuyarudia mpaka yamtoke bila kutetemeka: "Leo hatupandi. Tunashuka sasa, mimi na wewe, na ofisi inajua uamuzi huu ni wangu." Watu wengi wanaojua la kufanya hawana sentensi ya kulifanya, na sentensi inafundishika. Lakini zoezi hilo litabaki mchezo wa kuigiza kama mwenye kampuni hajafanya lake: kumwandikia mgeni kabla ya safari kwamba neno la mwongozaji juu ya kushuka ni la mwisho na kwamba tipu haifungwi na kilele, kisha mwongozaji aliyemshusha mtu akifika getini simu ya kwanza ya ofisi iwe ya kumshukuru. Simu hiyo moja inasikika kwa waongozaji wote wa Moshi kabla jua halijazama.

Chanzo cha mwisho ni supavaiza ambaye hakushirikishwa. Mfanyakazi amerudi na njia mpya, supavaiza anamwambia, "Hayo ya semina achana nayo, hapa tunafanya hivi." Kosa ni la mwandaaji. Kaa na masupavaiza kabla ya wengine, wapitishe kwenye zoezi lile lile, wapewe kadi fupi ya hatua za kuangalia. Wakiona wao ndio wenye mafunzo, watayalinda.

Dalili: fomu zote zinasema "mazuri sana"

Donald Kirkpatrick wa Marekani alichapisha mwaka 1959 makala zilizogawa tathmini katika hatua nne: washiriki waliyaonaje mafunzo, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na kazi yenyewe imepata nini. Fomu ya saa kumi jioni inagusa hatua ya kwanza tu, tena kwa shida. Watu wanasubiri nauli. Umewasalimia vizuri siku mbili nzima. Adabu yetu hairuhusu kumwandikia mgeni kwamba amechosha.

Acha kuuliza juu ya ukumbi, chakula na mwezeshaji. Uliza haya, na yajibiwe kabla ya chai ya mwisho badala ya baada yake: Jumatatu utafanya nini ambacho hukuwa ukikifanya? Nini kitakuzuia? Ni sehemu gani bado hujiamini nayo? Swali la pili lina thamani kuliko fomu nzima ya zamani. Watu thelathini wakiandika kwamba kitakachowazuia ni mfumo wa kompyuta unaokwama, una ripoti ya kupeleka kwa uongozi siku hiyo hiyo.

Kwa hatua ya pili, wape kazi ile ile mwanzoni na mwishoni. Kazi, si maswali ya kuchagua. Kwa hatua ya tatu, rudi baada ya wiki nne hadi sita na kadi ya hatua, utazame watu wakifanya kazi. Usiwaulize kama wanafanya. Tazama.

Dalili: namba zimekuwa nzuri, lakini hujui kama ni kwa sababu yako

Hatua ya nne ya Kirkpatrick, ile ya kazi imepata nini, inatega watu wengi katika miji hii miwili kwa sababu ya misimu. Tuseme hoteli ilipata malalamiko 18 mwezi Februari, mafunzo yakafanyika Machi, na Aprili malalamiko yakawa 6. Kila mtu anafurahi. Lakini Februari wageni walikuwa 600 na Aprili 150. Kwa kila wageni mia, malalamiko yalitoka 3 yakafika 4. Hali imekuwa mbaya zaidi, na taarifa inasema kinyume.

Kwa hiyo gawanya kwa idadi ya wageni, na linganisha Aprili na Aprili ya mwaka jana. Ukiweza, fundisha ghorofa moja kwanza na nyingine mwezi unaofuata, utazame tofauti kati ya hizo mbili katika wiki za katikati. Hiyo haikugharimu chochote, maana usingeweza kuwafunga wote ukumbini siku moja hata hivyo. Chagua namba ambazo tayari zinaandikwa kazini: muda wa chumba kuwa tayari, vyombo vilivyovunjika, maombi ya mkopo yaliyorudishwa kwa kukosa nyaraka. Takwimu mpya iliyobuniwa kwa ajili ya mafunzo huachwa kujazwa ndani ya mwezi.

Dalili: wanaokuja siyo wanaohusika

Barua ya mwaliko ilisema "watumishi wawili". Wakaja watumishi wawili, wale ambao kazi yao siku hiyo ilikuwa nyepesi. Andika kwenye mwaliko kazi ambayo mshiriki anaifanya kila siku, na umtake alete kitu kutoka kwenye kazi hiyo: kitabu cha zamu, fomu iliyokataliwa, picha ya stoo yake. Asiyehusika hatakuwa na cha kuleta, na idara itagundua hilo kabla hajapanda daladala.

Dalili: mwajiri hataki kulipia ufuatiliaji

Umeandika makadirio: siku tatu za mafunzo, siku moja ya kurudi kazini. Yanarudi na siku ya nne imekatwa. Inakatwa kwa sababu imekaa peke yake kwenye mstari wake, ikionekana ni nyongeza. Iandike ndani ya kazi yenyewe: siku mbili ukumbini, siku mbili kazini, moja kabla na moja baada, bei moja. Jumla ni ile ile na umepunguza siku ambazo wafanyakazi hawapo kwenye nafasi zao, hoja ambayo meneja yeyote wa hoteli anaisikia vizuri.

Akikata tena, usikubali kupoteza siku ya kabla. Hiyo ndiyo itakayokuambia kama kuna la kufundisha. Siku ya baada mwachie supavaiza. Mfundishe kutumia kadi kwa kumtazama mfanyakazi mmoja mkiwa pamoja, mlinganishe mlichokiona, mrudie kwa mwingine mpaka alama zenu zikaribiane. Kisha mkubaliane tarehe ya yeye kukupigia simu, na atakachokusomea kutoka kwenye kadi: majina ya hatua, idadi ya watu aliowatazama, na hatua ambayo wengi wao wameiacha.